Barua ya wazi kwa Meya wa Boston: Andikeni saa za nyasi za wanafunzi kabla lango la White Stadium halijafunguliwa

Kwa Mheshimiwa Michelle Wu, Meya wa Jiji la Boston, Massachusetts;
Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Shule ya Boston;
Waheshimiwa wadhamini wa Mfuko wa George Robert White.

YAH: UKARABATI WA WHITE STADIUM NA HAKI YA WANAFUNZI KUUTUMIA

Mheshimiwa Meya,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika barua hii ni watu wa viwanja: tunaotunza nyasi, tunaofundisha riadha na soka la shule, na tunaopanga ratiba za michezo ya vijana. Tunaandika kwa Kiswahili ili wazazi wanaotumia lugha hii Boston na miji jirani wajue kinachojadiliwa. Na wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam watalitambua swali lenyewe mara moja: kiwanja cha shule kikipata timu ya ligi, nani anacheza lini?

Tuseme mapema kwamba hatupingi ukarabati. White Stadium ulifunguliwa mwaka 1949 ndani ya Franklin Park, bustani ya ekari 527 iliyochorwa na Frederick Law Olmsted. Ulijengwa kwa ajili ya vijana wa shule za umma, kutokana na mfuko ulioachiwa Jiji na George Robert White, aliyefariki mwaka 1922. Baadaye jukwaa moja liliungua, likafungwa, likakaa hivyo miaka na miaka. Wanafunzi wa Roxbury, Dorchester, Mattapan na Jamaica Plain wamekimbia mbele ya zege lililopasuka kwa muda mrefu mno. Kujengewa upya ni haki yao iliyochelewa. Wala hatuna neno na Boston Legacy FC, timu ya kulipwa itakayoutumia uwanja huu pamoja na shule. Wasichana wa shule kuitazama timu ya wanawake ya ligi kuu ya Marekani, NWSL, ikicheza kwenye kiwanja chao wenyewe ni jambo la kujivunia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunachouliza ni mwenyeji atapona vipi.

Mambo makubwa ya mradi huu yameshafika hadi mahakamani. Kesi ilifunguliwa Februari 2024 na watetezi wa bustani pamoja na wakazi, na Aprili 2025 jaji akaamua kwa upande wa Jiji. Hatuandiki kuifufua kesi hiyo. Tunaandika juu ya mambo ambayo hayasikiki vizuri mahakamani: nyasi, chuma, vipimo na saa. Kila yanapoulizwa, jibu limekuwa kwamba wanafunzi ndio wa kwanza. Hatujaona mahali ambapo ukwanza huo umewekwa mbele ya wananchi kwa tarakimu zinazoweza kupimwa. Ndiyo sababu tunaandika hadharani.

1. Saa za ukutani na saa za nyasi

Imetangazwa mara nyingi kwamba zaidi ya asilimia 90 ya saa za uwanja zitabaki za wanafunzi na jamii, kwa kuwa timu itautumia hadi siku 20 za mechi na siku 20 za mazoezi kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya saa za ukutani. Nyasi zina saa zake.

Kiwanja cha nyasi halisi kilichojengwa vizuri kina mchanga wa sentimita 30, chini yake kokoto za sentimita 10, na chini kabisa mabomba yenye matundu yaliyopishana kwa mita 5 hivi. Kiwanja cha namna hiyo hubeba takriban saa 20 hadi 25 za kuchezewa kwa wiki, tena katika miezi ambayo nyasi zinakua kwa nguvu. Ukipita hapo, majani hukatika haraka kuliko yanavyochipua. Mizizi ikikosa majani ya kuilisha hufupika, na mchezaji akigeuka kwa kasi anaondoka na kipande kizima cha nyasi chini ya njumu. Timu ya kulipwa hutaka saa pungufu ya hizo, maana mpira lazima uviringike sawasawa na kamera inaona kila doa.

Sasa chukueni wiki moja ya Septemba. Mazoezi ya shule baada ya masomo, saa 3 kwa siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ni saa 15. Mechi mbili za shule siku ya Jumamosi, pamoja na kupasha misuli, ni saa 5. Tumefika 20. Mechi moja ya ligi, pamoja na kupasha na mazoezi mepesi ya siku iliyotangulia, ni saa 5 nyingine. Tumefika 25, na bado hatujagusa vipindi vya michezo vya asubuhi wala vikundi vya mtaani. Wiki ina saa 168. Kwenye karatasi zimebaki saa 143. Kwenye nyasi haijabaki hata moja.

Tena siku ya mechi si siku moja. Siku iliyotangulia ni ya kukata, kumwagilia na kupaka mistari, na baada ya hapo kiwanja kinafungwa. Siku inayofuata ni ya kutibu: kurudisha vipande vilivyong'oka, kujaza mashimo kwa mchanga uliochanganywa na mbegu, hasa mbele ya magoli na kwenye ule ukanda mwembamba ambao mshika kibendera ameukanyaga dakika 90 akienda na kurudi. Kwa hiyo siku 20 za mechi zinakula karibu siku 60 za kiwanja. Mechi ikiwekwa Ijumaa usiku, mchana wa Ijumaa wanafunzi hawaingii, na mara nyingi Alhamisi pia wanakuwa wameshatolewa. Saa zinazopotea hapo ni zilezile ambazo mwanafunzi anaweza kuzitumia, kuanzia saa tisa alasiri hadi jioni. Kumpa saa nne usiku ya Januari badala yake si fidia.

Tunajua jibu la haraka litakuwa nyasi bandia. Hatuliombi. Mwaka 2022 Jiji lenyewe liliacha kuweka nyasi bandia mpya katika bustani zake kwa sababu ya PFAS, kemikali zisizooza zinazohofiwa kudhuru afya, na tuliunga mkono. Njia ipo ya kati: nyasi halisi zilizoshonewa nyuzi za plastiki, ambazo huzamishwa sentimita 18 kwenda chini, kila baada ya sentimita 2. Kwa eneo la mita za mraba 8,000 hizo ni nyuzi milioni 20. Nyuzi hazioti wala hazilishi chochote. Kazi yake ni kushika mchanga ili mizizi isipasuke. Zinaongeza saa, lakini haziondoi kikomo, na nazo bado ni plastiki. Likichaguliwa hilo, lijadiliwe waziwazi na si kuingizwa kama badiliko dogo la mkandarasi.

2. Futiboli ya Kimarekani iliyosogezwa hadi Novemba

Kwa msomaji wa mbali, hapa tunasema futiboli tukimaanisha ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu. Msimu wake wa shule katika Massachusetts huanza mapema Septemba na, kwa timu nyingi, kuishia Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, ambapo shule hasimu hukutana asubuhi. English High na Boston Latin wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1887. Msimu wa NWSL huanza Machi na kwenda hadi Novemba. Mpango uliotangazwa ni kwamba timu za futiboli zitacheza kwingine hadi timu ya ligi imalize msimu wake.

Kwa sikio la kawaida hilo linasikika kama zamu ya haki. Kwa mtu wa nyasi ni ahadi inayojipinga yenyewe, na tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini.

Futiboli hairarui kiwanja chote. Inararua ukanda wa katikati, wenye upana wa mita 16 hivi, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, kwa kuwa huko ndiko wale vijana wazito wa mstari wa mbele wanakosukumana karibu kila mchezo unapoanza. Ukanda huo ukiraruliwa mapema Septemba, udongo wa Boston bado una joto. Mbegu ya nyasi aina ya ryegrass huchipua kwa siku 5 hadi 10, na ya aina ya bluegrass kwa wiki 2 hadi 4. Ukiraruliwa mwishoni mwa Novemba, udongo umeshashuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi na nyasi zimekaribia kulala. Hakuna mbegu itakayofunika jeraha hilo. Kilichong'oka siku ya Thanksgiving kitakuwa bado kimeng'oka Machi, timu ya ligi inaporudi kwa mechi ya ufunguzi.

Maana yake ni kwamba wanafunzi wamepewa kiwanja katika wiki ambazo kiwanja hakiwezi kupona. Msimamizi yeyote wa nyasi akiulizwa Novemba kama futiboli ichezwe, atakuwa na sababu nzuri ya kitaalamu kukataa. Mvua ikinyesha atakataa mapema zaidi. Timu ya ligi ikiingia hatua ya mtoano, hata hizo wiki zenyewe zinayeyuka. Hakuna atakayekuwa amevunja mkataba, na watoto watakuwa hawajacheza.

Dawa ipo na inajulikana. Ukanda huo wa mita 16 kwa mita 110 ni mita za mraba 1,760. Unaweza kung'olewa na kuwekewa nyasi za kuviringisha zilizokatwa nene, sentimita 4, ambazo uzito wake pekee huzishikilia, zikachezewa ndani ya siku chache badala ya kusubiri wiki kadhaa zishike mizizi. Lakini mwanzoni mwa Machi mashamba mengi ya nyasi ya New England huwa yameganda, hivyo mzigo lazima uagizwe kutoka kusini zaidi, na lazima uwe umeoteshwa kwenye mchanga unaofanana na wa kiwanjani. Nyasi zilizooteshwa kwenye udongo wa mfinyanzi zikiwekwa juu ya mchanga huziba maji. Juu panakuwa tope na chini pakavu. Oda hiyo huwekwa mwaka mmoja kabla, ikiwa na mtu aliyeandikiwa kuilipia. Bila jina la mlipaji, futiboli ya Novemba haipo.

Na kuna jambo la chuma ambalo likikosewa sasa halitarekebishika kwa bei nafuu. Kiwanja cha futiboli kina urefu wa mita 109.7 na cha soka mita 105. Kwa hiyo milingoti ya futiboli hukaa mita 2.4 hivi nyuma ya mstari wa goli la soka, kila upande. Ile ya shingo ya bata, yenye nguzo moja, msingi wake hurudi nyuma zaidi. Milingoti hiyo inahitaji soketi za chuma zilizozamishwa kwenye zege, zenye vifuniko vinavyolingana na nyasi, na zinapaswa kuwekwa kabla mabomba ya maji hayajalazwa. Zikisahaulika, mwaka ujao mtu atachimba shimo katikati ya mchanga wa sentimita 30 na kukata bomba. Hilo likitokea, kauli itakuwa kwamba futiboli haiwezekani kiufundi.

3. Kona moja ya uwanja

Tunaomba mje mwone kona moja tu, yoyote kati ya nne.

Njia ya kukimbilia ya mita 400 ya vipimo vya kawaida ina sehemu zilizonyooka za mita 84.39 na nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Kiwanja cha soka cha mita 105 kwa 68 kinazidi sehemu iliyonyooka kwa mita 10.3 kila mwisho, yaani kona zake zinaingia kwenye mviringo. Ukipiga hesabu, pale penye kibendera cha kona ukingo wa njia uko mita 35 kutoka mstari wa katikati, na kibendera kiko mita 34. Imebaki mita 1. Mpiga kona anahitaji hatua tatu au nne. Ataanza mbio akiwa juu ya tatani, yaani tabaka la mpira la njia ya kukimbilia, na njumu zake zitavuka ukingo wa alumini wa sentimita 5 kabla hajafika kwenye mpira.

Kuongeza njia kutoka 6 hadi 8, kama ilivyopangwa, hakugusi tatizo hili, kwa kuwa njia mpya huongezwa upande wa nje, mita 1.22 kwa kila moja. Kinachohitajika ni ukingo unaoondolewa kwenye kona zote nne, na zulia la nyasi bandia linalofunika njia 3 za ndani siku ya mechi. Kisha paandikwe nani analiondoa na lini, maana likibaki limeloa juu ya tatani hadi Jumatano, wanariadha wamepoteza siku tatu za mazoezi na gundi ya mpira inaanza kulegea.

Wapo pia watupaji. Riadha ya nje ya shule huanza Machi na kuendelea hadi Juni, na Massachusetts wanafunzi bado wanarusha mkuki. Mkuki hutoboa nyasi, tufe huacha bakuli, kisahani hukata mfano wa panga. Kocha wa timu ya ligi hatakubali matundu hayo kiwanjani, na ana haki. Basi eneo la kurusha lijengwe nje ya kiwanja, lenye wavu na duara la zege, liwe tayari siku ileile uwanja unapofunguliwa na si katika awamu nyingine.

4. Magari juu ya tatani

Tatani ina unene wa milimita 13 tu juu ya lami. Gari la matangazo, winchi ya taa au mashine ndogo ya kuchimba ikikata kona juu yake huvuta tabaka hilo mpaka linajikunja. Ionyeshwe sehemu moja ya kuvukia, yenye daraja la mbao nzito, na anayevuka pengine alipe. Ni jambo dogo sana la kuandika.

5. Mabasi

Uwanja utabeba watu 11,000, na mpango ni kwamba mashabiki wasiegeshe magari bustanini. Tunaupongeza. Lakini tukichukulia kwamba watu 4 kati ya 10 watakuja kwa mabasi maalumu, hao ni 4,400. Kwa watu 50 kila basi, ni safari 88. Ikiwa tunataka watu hao waondoke ndani ya saa moja, basi moja linang'oa kila sekunde 41. Kujaza basi la watu 50 kupitia mlango mmoja huchukua dakika 3 hivi, hivyo ni lazima mabasi 5 yawe yanapakia kwa wakati mmoja, muda wote, bila moja kuziba lingine. Tunaomba kuonyeshwa hizo sehemu 5 kwenye ramani, pamoja na njia ya gari la wagonjwa na ya familia zinazotoka kwenye bustani ya wanyama iliyo jirani. Wale watakaotembea kutoka vituo vya treni vya Green Street na Forest Hills wanahitaji taa na njia isiyo na matope, na taa hizo ziwake hata usiku usio na mechi, kwa ajili ya mwanafunzi anayetoka mazoezini.

6. Fedha za kutunza

Mwaka 2023 mchango wa Jiji ulitajwa kuwa dola milioni 50. Mwishoni mwa mwaka 2024 ukatajwa kuwa milioni 91, na makadirio yakaendelea kupanda. Wengine wameandika mengi juu ya hilo. Sisi linalotutia wasiwasi zaidi ni fedha za miaka inayofuata baada ya utepe kukatwa.

Uwanja wa 1949 haukuharibiwa na umri pekee. Zege hufa kwa njia inayojulikana: maji huingia kwenye ufa, yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, ufa unapanuka, maji yanafika kwenye nondo, nondo zinashika kutu na kuvimba, na ganda la nje linadondoka. Kuziba ufa mwaka wa kwanza ni kazi ya siku moja na ndoo. Asipokuwepo mtu aliyeajiriwa kuuziba, mwisho wake ni tingatinga.

Na nyasi hazisubiri hata mwaka. Kutandaza mchanga wa milimita 3 juu ya kiwanja cha mita za mraba 8,000 ni mita za ujazo 24, na hufanyika mara kadhaa kwa msimu. Kunahitajika mashine ya kukata ya silinda, mashine ya kutoboa udongo, na watu wanaojua kuzitumia, wawe kazini siku za shule na si siku za mechi pekee. Ikiwa wahudumu hao wataajiriwa na timu, watamsikiliza anayewalipa. Hatuwalaumu. Kwa hiyo aamue mwingine nani anaingia kiwanjani.

Tunachoomba

Kwanza, ratiba ya saa za nyasi kwa kila wiki ya mwaka itangazwe, ikionyesha saa za shule, saa za timu na saa za kupumzisha, na saa za shule ziandikwe kwanza. Mechi za kiporo na zile zinazohamishwa na televisheni zisiingie juu ya saa hizo bila ridhaa ya mkurugenzi wa michezo wa shule, na likitokea, timu ilipie kiwanja mbadala pamoja na usafiri wa wanafunzi.

Pili, idadi ya mechi za futiboli zitakazochezwa hapa kila msimu iandikwe. Tunapendekeza zisipungue nne, na angalau mbili ziwe kabla ya katikati ya Oktoba, wakati udongo bado unaponya. Ukanda wa kati ubadilishwe kwa gharama ya timu au kwa fungu lililotengwa. Soketi za milingoti zionekane kwenye michoro ya mwisho.

Tatu, michoro ya kona nne, eneo la kurusha na sehemu ya kuvukia magari iwekwe hadharani ikiwa na vipimo.

Nne, msimamizi mkuu wa nyasi awe mwajiriwa wa shule za umma, na uamuzi wake wa kufungua au kufunga kiwanja utangazwe kwa maandishi pamoja na sababu, siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi idadi ya saa zilizotumiwa na kila upande ibandikwe langoni na kusomwa mbele ya Kamati ya Shule.

Timu ina mahali pengine pa kuchezea msimu wake wa kwanza wa 2026, hivyo muda wa kuyaandika haya upo. Tunaomba majibu ya maandishi kabla makocha wa shule hawajaanza kupanga ratiba ya msimu wa kwanza utakaochezwa hapa. Tukiitwa tutakuja na futi kamba na kipimajoto cha udongo, na tutaanzia kwenye ile kona.

Wenu katika kuwatumikia vijana,

Watunza nyasi, makocha na wapanga ratiba za michezo ya shule

Nakala: Uongozi wa Boston Legacy FC, Baraza la Jiji la Boston